Kitufe cha A hakishiki

Swali: Fundi, nina Game Boy ya kwanza, ile nene ya kijivu. Kitufe cha A hakishiki mpaka nikibinye kwa nguvu. Je, bodi imekufa?

Jibu: Hapana, usiitupe! Kitufe kinachokubali kikibinywa sana bado kina uhai. Tatizo huwa ni uchafu. Chini yake kuna mpira wenye kidonge cheusi cha kaboni, ambacho hugusa njia mbili za umeme kwenye bodi na kuziunganisha. Jasho na soda iliyomwagika vikigandia hapo, umeme haupiti.

Toa betri zote nne. Skrubu za nyuma zina kichwa cha mabawa matatu, kwa hiyo tafuta bisibisi yake. Ya kawaida itavila vichwa. Fungua polepole mno, kwa sababu nusu mbili zimeunganishwa kwa utepe mwembamba wa nyaya, na ukikatika huo ndiyo kazi kubwa.

Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uache ukauke kabisa. Bodi ifute kwa pamba iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili. Msasa usiutumie hapo kamwe! Njia zile nazo zimepakwa kaboni, na ikishatoka hairudi.

Bado kinagoma? Rudisha betri, kisha gusisha njia hizo mbili kwa kipande kidogo cha foili mashine ikiwa imewashwa. Mchezo ukiitika, bodi ni nzima: nunua mpira mpya tu, bado unatengenezwa.