Vituo vya Korongo Safarini

Mvua za vuli zinyeshapo, korongo weupe wenye midomo myekundu na mabawa meusi nchani huonekana mashambani na mbugani katika Kenya, wakitembea polepole kama wazee wakaguao shamba. Ndege hawa hawakuzaliwa hapa. Viota vyao viko mbali, katika nchi za Ulaya kama Poland na Ujerumani, aghalabu juu ya mapaa ya nyumba.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua korongo waendako wakati wa baridi. Mwaka 1822 alipatikana mmoja huko Ujerumani, shingo yake imechomwa mkuki wa Kiafrika. Ikawa dhahiri kwamba wao huja Afrika. Ndege huyo angali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Korongo ni mzito, hawezi kupiga mabawa mchana kutwa. Hungoja jua liipashe ardhi moto. Hewa ya moto ipandapo, naye hupanda nayo akizunguka, kisha huteleza mbele mpaka apate nyingine. Hewa hiyo haipandi vizuri juu ya bahari wala usiku. Basi wale wajao Kenya huizunguka bahari ya Mediterania kwa njia ya Istanbul, bonde la Jordan na Sinai, wakaufuata mto Nile. Kila jioni hutua walale.

Kituo kikubwa kiko Sudan ya mashariki na Chad. Huko hukaa majuma kadhaa wakila nzige, panzi na viwavi, wapate nguvu za safari iliyobaki. Chakula kikikosekana, hudhoofika, na wengine hawarudi viotani.

Vituo huharibiwa kwa mikono ya watu pia. Huko Israel, ziwa na vinamasi vya Hula vilikaushwa katika miaka ya 1950 ili kupata mashamba. Udongo ukakauka, mahali pengine ukashika moto. Mwaka 1994 sehemu ikarudishiwa maji, na ndege wa safari hutua huko.

Mkulima wa Kenya naye ana sehemu yake. Asiwapige korongo, asikaushe kinamasi chote, wala asinyunyize dawa ya wadudu ovyo, kwani korongo alaye panzi mwenye sumu huila sumu ile. Mgeni huyu huwapunguza viwavi shambani wala hadai ujira. Hutaka mahali pa kutua tu.