Somo la Maji ya Nyumbani na Hukumu ya Kuyafanyia Israfu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maji kuwa uhai wa kila chenye roho. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo: watu wengi hudhani kuwa israfu ni ya mali na chakula tu. Ama maji, huyaona ni kitu cha bure, khasa maji ya udhu, kwa kuwa humwagwa katika ibada. Dhana hii si sawa. Maana israfu huingia hata katika jambo la kheri.

FASILI YA KWANZA: Kipimo cha Mtume (s.a.w.)

Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa sai moja hata mudi tano. Sai ndiyo watu wa pwani waitambuayo kwa pishi ya Zakatul-Fitri, na mudi ni robo yake, yaani kibaba. Wanavyuoni wa zama hizi wameikadiria sai kuwa baina ya lita 2 na 3. Basi udhu wa mbora wa viumbe haukufika lita 1.

FASILI YA PILI: Hukumu yake

Amesema Imamu Nawawi katika sharhe ya Muslim kuwa wanavyuoni wameafikiana juu ya kukatazwa israfu ya maji, hata kwa aliye ukingoni mwa bahari. Kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa ni karaha. Na wako katika Mashafi'i waliosema ni haramu. Na katika Fat-hul Mui'n imetajwa kuwa kuzidisha juu ya mara tatu ni karaha, walakini kukiwa ni kwa maji yaliyowekwa wakfu kwa kujitahirishia, ni haramu. Maana maji ya wakfu si ya mtu mmoja. Aliyezidisha amechukua haki ya wenziwe.

FASILI YA TATU: Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba yenye watu 8, kila mmoja akatawadha mara 5 kwa siku. Hizo ni udhu 40. Kwa kibaba kila udhu, zatosha pishi 10. Wakitumia pishi moja kila udhu, ni pishi 40. Ziada ni pishi 30 kila siku, nazo si chini ya lita 60, yaani madebe 3 ya lita 20.

Na madebe hayo hayaji yenyewe. Nyumba nyingi zisizo na bomba huletewa maji na mtoto wa kike, debe la kilo 20 kichwani, na wenziwe wamekwisha keti chuoni wanasoma. Basi baba adhaniye kuwa amezidisha ibada, huenda amempunguzia mwanawe elimu, na kumfunza mtoto ni wajibu juu yake.

FASILI YA NNE: Kisima cha pwani

Katika visiwa na pwani, maji matamu ya mvua huzama mchangani na katika mawe, yakakaa juu ya maji ya chumvi yatokayo baharini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Ndivyo yalivyo maji yaliyo chini ya milima ya mchanga ya Shela, ambayo mji wa Lamu huyategemea. Kadiri yake ni hii: kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa na kama futi 40 chini yake. Basi yakishushwa futi 1 kwa kutekwa mno, chumvi hupanda kutoka chini kwa kadiri ya futi 40 hatimaye. Na kisima kilichoingiwa na chumvi hakirejei upesi. Amwagaye leo amewamwagia jirani zake, na watoto wasiozaliwa bado.

MAS'ALA

Swali: Mtu ana maji ya udhu tu, na mnyama wake ana kiu. Afanyeje?
Jibu: Amnyweshe, naye atayamamu. Sharia imetanguliza kiu ya mnyama mwenye heshima mbele ya udhu. Jirani mwenye kiu je?

Swali: Mwenye wasiwasi ambaye haishi kurudia?
Jibu: Akishuku ndani ya udhu kuwa ni mara mbili au tatu, ashike mbili. Akishuku baada ya kumaliza, shaka hiyo haidhuru. Wasiwasi si ucha Mungu.

Swali: Maji machache yaliyokwisha tumiwa katika udhu wa faradhi yafaa nini?
Jibu: Ni tahiri, ila hayatahirishi. Hayafai kwa udhu mwingine, walakini yafaa kumwagilia mgomba na mkomamanga.

YAPASAYO KATIKA NYUMBA

Kwanza, itengwe kopo ya kibaba kwa udhu, wala bomba lisiachwe wazi. Pili, maji ya udhu yakingwe beseni yapelekwe mitini. Tatu, milizamu ya dari isafishwe kabla ya masika na vuli, mvua iingie birikani. Nne, choo cha shimo kiwe mbali na kisima, wala taka zisitupwe karibu nacho.

Na aanze mwenye nyumba mwenyewe, maana watoto hutazama mkono wa baba kabla ya kusikiliza maneno yake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kushukuru neema zake kwa vitendo. Amin.