Kuunda Mashua: Hesabu Kwanza, Tezo Baadaye

Mtu atakaye kuunda mashua yake mwenyewe mara nyingi huanza kwa kununua mbao. Huko ni kuanza mwisho. Mbao zikipungua, kazi husimama. Na akiziba pengo kwa mti wowote apatao, hapo ndipo maji yatakapoingilia. Basi yako mambo matatu ya kutazamwa kabla ya tezo kushikwa.

1. Kazi na kipimo. Mashua ya kuvulia ndani ya mwamba si sawa na ile iendayo bahari kuu. Andika urefu, upana na kina, kisha ufanye hesabu. Tuseme urefu ni futi 18, na ubavu, ukipimwa kwa kamba katikati ya chombo toka mkuku hata ukingoni, ni futi 4. Mbao zenye upana wa inchi 6 zitakuwa 8 kila upande, yaani 16. Kwa kuwa ubao hupinda, kila mmoja utataka futi 20. Jumla yake futi 320. Ongeza sehemu moja katika tano kwa vipande vitakavyokatwa na kutupwa, upate futi 384. Sasa waweza kujua kama fedha zako zatosha.

2. Kila mti na mahali pake. Mkuku, hanamu na fashini vyataka mti mgumu kama mvule au mbambakofi, na mbambakofi wafaa pia kwa mbao za ubavu. Mwembe huchongeka kwa urahisi, lakini huoza upesi usipotunzwa. Kwa mataruma tafuta matawi yaliyopinda yenyewe, kama ya mkomafi, maana nyuzi za mti hufuata pindo. Taruma lililokatwa kwa msumeno katika ubao mnyoofu hupasuka penye pindo. Kwa mlingoti, mvinje mnyoofu wafaa. Kumbuka kwamba mikoko ya pwani ya Kenya, na mkomafi ni mmoja wao, ilitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Usikate bila kibali.

3. Ukavu na viungo. Mbao mbichi hunywea baada ya kupigiliwa, na nyufa zikafunguka. Zipange kivulini, juu ya ardhi, na vijiti kati yake ili upepo upite. Nunua misumari iliyopakwa zinki, wala usichanganye ya chuma na ya shaba, kwa kuwa katika maji ya chumvi chuma kitaliwa. Toboa kwanza kwa keekee, ukazungushe pamba yenye mafuta chini ya kichwa cha msumari. Tia katika hesabu pamba ya kukalafati, sifa ya kupaka mbao, na deheni ya kuzuia wadudu wa baharini watoboao chombo chini. Deheni hupakwa tena na tena.

Mwisho, ndugu msomaji, mwonyeshe fundi mzee karatasi yako kabla ya kutoa fedha. Akikuambia ungoje hata mbao zikauke, ngoja. Chombo hicho kitawabeba wanao.