SOMO LA KIKUNDI: MAPAMBO YA KRISMASI KUTOKA KWA MABAKI YA NYUMBANI



Desemba ni mwezi wa furaha, lakini pia ni mwezi ambao pesa hutoka mfukoni mbio. Halafu Januari inafika, shule zinafunguliwa, na kila mzazi anamtafuta mweka hazina akiomba mkopo. Somo la leo ni jinsi ya kupamba nyumba na kanisa bila kugusa pesa ya Januari. Lifanyeni mapema, wakati wa Majilio, watoto wakiwa likizo, ili wasaidie.

KWA NINI TUTUMIE MABAKI?

Wengine watasema, "Hayo ni mapambo ya maskini, yatatuaibisha." Jameni, tukumbuke lile pango la Krismasi tunaloliona kanisani. Mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitayarisha hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho yao Mtoto Yesu alizaliwa katika hali gani. Hivyo ni vitu vya kijijini, si vya dukani. Hakuna aliyeaibika.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kikundi kina familia 20, na kila moja inanunua mapambo ya shilingi 300. Hizo ni shilingi 6,000 zimetoka kijijini kwa siku chache. Pesa hiyo ingenunua madaftari mangapi?

TUTENGENEZE NINI?

1. Nyota. Chukua pakiti ya karatasi ya maziwa yale yanayokaa siku nyingi bila kuharibika, ambayo ndani inang'aa kama fedha. Ifungue, ioshe kwa sabuni, ianike. Chora mstari wa sentimita 10. Funga uzi kwenye penseli, upime sentimita 10, shikilia ncha ya uzi mwisho mmoja wa mstari na uchore upinde. Fanya hivyo pia mwisho wa pili. Pinde zikikutana, unganisha, na utapata pembetatu ya pande sawa. Kata mbili. Weka moja ikitazama juu, nyingine chini, na uzishone kwa sindano zinapopishana. Gundi ya unga haishiki vizuri kwenye karatasi hiyo, kwa hivyo shona tu.

2. Mnyororo wa karatasi. Tumia kalenda ya zamani au madaftari yaliyojaa. Ukurasa wa urefu wa sentimita 20 unatoa vipande 8 vya upana wa sentimita 2 na nusu. Kunja kipande kiwe pete, gundisha, pitisha kingine ndani yake, uendelee hivyo. Pete kama 25 hutoa karibu mita moja. Gundi: vijiko 2 vikubwa vya unga wa ngano na nusu kikombe cha maji baridi. Koroga madonge yaishe, kisha pika huku ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji. Pika ya kutosha siku moja tu, maana inachacha.

3. Kengele za vizibo vya soda. Toa ule utando wa ndani, weka kizibo juu ya jiwe, kigonge kwa nyundo mpaka kiwe bapa. Toboa kwa msumari. Funga vizibo 5 au 6 kwenye uzi mmoja, ukipiga fundo chini ya kila kimoja. Ning'iniza nyuzi mbili au tatu karibukaribu pale upepo unapopita, vitalia. Kazi hii ni ya watu wazima. Vizibo vyenye kutu tupeni, visije vikakata mtu.

MTI JE?

Tafadhali msikate kichwa cha mti mchanga wa saipresi. Mti uliokatwa kichwa huota matawi mawili au matatu badala ya kupanda wima, na mbao imeharibika. Tumieni matawi ya chini, yale ambayo hupogolewa hata hivyo. Simamisha tawi ndani ya kopo la rangi lenye mawe na mchanga, na umwagilie maji.

Muhimu: mshumaa na koroboi vikae mbali na tawi. Saipresi ikikauka hushika moto haraka sana, na mnyororo wa karatasi ni kuni tupu. Pia, vitu vidogo visiwe mahali mtoto mchanga anaweza kuvifikia akavimeza.

JE, TUUZE?

Mnaweza, lakini hesabuni kwanza. Tuseme mama mmoja anatengeneza nyota 6 kwa saa moja. Uzi ni shilingi 2 kwa nyota, na bei ni shilingi 20. Anabaki na shilingi 18 kwa kila nyota, jumla 108. Akipanda matatu kwenda sokoni na kurudi kwa shilingi 100, amebaki na shilingi 8! Lakini mama huyohuyo akibeba nyota 30 akaziuza zote, anapata 540. Toa nauli, zinabaki 440 kwa kazi ya saa 5. Kwa hivyo unganisheni mzigo, mtu mmoja aupeleke, nauli iwe moja. Na msitengeneze nyingi kabla ya kujua nani atanunua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Krismasi iliyopita kila familia ilitumia pesa ngapi kwa mapambo? Katibu aandike jumla.
2. Ni mabaki gani tunayotupa kila wiki ambayo yangefaa? Je, fundi wa nguo anaweza kutuwekea vipande vya vitambaa?
3. Ile pesa ambayo hatutatumia mwaka huu, tutaiweka wapi ili Januari tuikute?

Swali la tatu lisiachwe bila jibu. Mapambo yakiwa ya bure na pesa ipotelee kwa soda, hatujafanya kitu. Mweka hazina aipokee kabla ya sikukuu, aiandike jina kwa jina, na irudishwe kwa wenyewe wiki shule zinapofunguliwa.

Tunawatakia Majilio mema na kazi njema.