Ya Kuchezea Ichezewe, ya Kutunzia Itunzwe

*Ndugu Mshauri,*

*Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Jioni huwa tunacheza gemu, mimi na kijana wangu. Tangu Windows 10 ifikie ukomo, vijana wa kazini wananishawishi niweke Linux, niigeuze seva ya nyumbani, nihamishie humo picha zote za familia, kisha nifunge akaunti ya wingu ninayolipia kila mwezi. Mke wangu hataki hata kusikia. Anasema nitapoteza picha za harusi na za marehemu mama, na umeme wa LUKU hautamaliza wiki. Mimi sifuati hela tu. Nataka vitu vyetu vikae kwetu. Nishauri.*

*Baba Junior, Tabata, Dar es Salaam*

Baba Junior,

Umeuliza juu ya kompyuta moja, lakini unazohitaji ni mbili. Kompyuta ya gemu huguswaguswa kila siku: leo draiva mpya, kesho mfumo mpya, keshokutwa mnafuta na kuanza upya. Raha yake ndiyo hiyo. Picha za marehemu mama zinataka mashine isiyoguswa. Ukiziweka pamoja na gemu, siku Junior atakapovuruga mfumo akitafuta gemu, albamu nayo itakwenda. Hapo mama Junior ameona mbali kuliko vijana wa kazini.

Tuanze na ya gemu. Windows 10 ilifikia ukomo wa usaidizi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa yako, kwani kwa Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane. Linux ni njia nzuri. Mwaka 2018 Valve, wenye duka la Steam, walitoa Proton, programu inayoziwezesha gemu za Windows kuchezeka kwenye Linux. Ndiyo inayotumika kwenye Steam Deck, kifaa chao cha mkononi kilichotoka 2022. Gemu nyingi za mchezaji mmoja zitawaka bila kukuhangaisha. Kikwazo ni baadhi ya gemu za mtandaoni zenye programu za kuzuia udanganyifu. Valorant na Fortnite hazichezeki kwenye Linux, na EA Sports FC za miaka ya karibuni ni hivyo hivyo. Kama jioni zenu ni za mpira, zungumza na Junior kabla hujafuta kitu.

Na kwa kuwa unapenda kumiliki, jua kwamba gemu uliyonunua Steam ni leseni tu. Kampuni ya Ubisoft ilipozima seva za gemu yake, The Crew, tarehe 31 Machi 2024, waliokuwa wameinunua hawakuweza kuicheza tena. Duka la GOG huuza gemu zisizo na kufuli. Unapakua faili la kusakinisha na kulihifadhi mwenyewe.

Sasa seva. Tafuta laptopu iliyotumika, yenye afya, uweke Debian, mojawapo ya aina za Linux. Hesabu ya umeme ni hii: kompyuta ya mezani inayokula wati 60 usiku na mchana hutumia karibu uniti 43 kwa siku 30. Laptopu inayokula wati 10 hutumia takribani uniti 7. Tena betri yake itaishikilia umeme ukikatika, ila ikague mara kwa mara. Ikianza kuvimba, itoe.

Humo weka Immich kwa picha. Ukizoea, ongeza Nextcloud kwa nyaraka na Jellyfin kwa filamu. Zote ni programu huria, hulipii. Barua pepe iache ilipo: ujumbe unaotoka kwenye seva ya nyumbani mara nyingi hukataliwa au hutupwa kwenye taka.

Ukitaka kuona picha ukiwa kazini, utakutana na ukuta. Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo seva yako haifikiki kutoka nje. Tumia Tailscale, inayounganisha simu na seva kwa njia iliyofungwa. Usifungue milango ya ruta ovyo. Wahuni wa mtandaoni hupita wakijaribu kila mlango siku nzima.

Kazi kubwa ni nakala. Picha zikae sehemu tatu: kwenye seva, kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu, na kwenye diski nyingine iliyofungwa kwa nenosiri, nje ya nyumba, labda kwa dada yako. Usidanganyike na diski mbili zinazoigana ndani ya mashine moja. Ukifuta picha kwenye moja, imefutika na kwenye ya pili, na mwizi akibeba mashine amebeba zote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kwenye daftari la karatasi diski ziko wapi, nywila ni zipi, na hatua za kurudisha picha, kwa Kiswahili ambacho mama Junior atakifuata hata ukiwa umesafiri. Seva ambayo baba peke yake ndiye anayeijua haijawa ya familia.

Kisha fanya mtihani. Chukua diski ya nje, kompyuta nyingine na lile daftari, mpe mama Junior arudishe albamu ya harusi bila wewe kusema neno. Akifaulu, na ukiona mwaka umepita bila seva kukusumbua, kaeni wawili mwamue kuhusu akaunti ya wingu. Kabla ya hapo, endelea kuilipia.