Rada: Jicho Linaloona Mvua Gizani

Sisi watu wa Fizi twalijua vema ziwa letu, Tanganyika. Jioni wavuvi wa Baraka huwasha taa zao na kwenda kuvua ndagala. Ziwa limetulia. Mara upepo mkali unavuma, mawimbi yanainuka, mvua inapiga. Kwa sababu ya giza, mvuvi hakuliona wingu likija.

Hata nchi kavu hatari ipo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mvua kubwa ilinyesha Kasaba, kijiji cha Fizi kilicho kando ya ziwa. Mto ulijaa, ukafurika, ukabomoa nyumba. Watu wengi walikufa, hasa watoto na wazee. Maji yaliwakuta usiku.

Je, kuna jicho liwezalo kuona mvua gizani? Ndiyo, lipo. Ni rada.

Simama mbele ya mlima, upaze sauti: “Weee!” Punde mlima unakurudishia sauti yako. Huo ndio mwangwi. Mlima ukiwa karibu, mwangwi hurudi upesi. Ukiwa mbali, hukawia.

Rada hufanya vivyo hivyo, lakini haipazi sauti. Hutuma mawimbi ya redio, ambayo macho hayayaoni wala masikio hayayasikii. Mawimbi hayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Yakikuta matone ya mvua, sehemu yake ndogo hurudi. Yakirudi upesi, mvua iko karibu. Yakirudi na nguvu, mvua ni kubwa. Rada huzunguka na kutazama pande zote, usiku na mchana. Rada nyingi za siku hizi hutambua pia kama matone yanakaribia au yanakwenda mbali.

Wakati wa vita ya 1939–1945, askari walitumia rada kutafuta ndege. Mvua nayo ilionekana, ikawasumbua. Baada ya vita, wataalamu waligeuza usumbufu ule kuwa faida.

Leo, ng’ambo ya ziwa letu, Tanzania imeweka rada ya mvua Kigoma. Toka Baraka hata Kigoma ni kilomita 100 hivi.

Lakini angalieni, watoto: rada haizuii mvua, wala haimwamshi aliyelala. Habari yake sharti ipite kwa redio, kwa simu, na kwa kinywa cha jirani. Basi, ukisikia kwamba mvua kubwa inakuja, usinyamaze. Mwambie baba asiingie ziwani. Msivuke mto uliojaa. Kimbilieni mahali pa juu, mbali na mto. Wazee wetu husema: Tahadhari kabla ya hatari.

MAULIZO
1. Mwangwi ni nini?
2. Rada hujuaje kwamba mvua iko karibu?
3. Kwa nini rada peke yake haitoshi kuokoa watu?
4. Nyumbani kwenu, mngekimbilia wapi mto ukifurika usiku?