"Kibonge": sifa au tusi?

Swali: Wifi yangu aliniita "kibonge" mbele ya wageni. Nilipokasirika, akasema ananisifia. Neno hili lina maana gani hasa?

Jibu: Dada, nyote mna hoja. Bonge ni pande kubwa la kitu: bonge la ugali, bonge la udongo. Mtaani Tanzania limekuwa pia neno la kusifu. "Bonge la gari" ni gari la kutamanisha. Likihamia kwa mtu, sifa na kilo huja pamoja. Kiambishi *ki-* nacho kina ndimi mbili: hudekeza na hudunisha.

Sikiliza upatanisho wa kisarufi. "Kibonge wangu amependeza" linakuweka kwenye ngeli ya watu. "Kibonge hiki kinakula!" linakugeuza kitu.

"Kimodo" nalo ni hivyohivyo: kwa mmoja ni mwembamba wa kuvutia, kwa mwingine ni aliyekosa nyama. Hata "namba nane", kiuno kilichobanwa kati ya kifua na nyonga, si kila mwanamke hupenda kupimwa hivyo.

Utani wa mawifi ni wa siku zote, lakini una mahali pake. Mwambie faraghani: "Wifi, jikoni niite kibonge, sebuleni niite jina langu."